Jiwe Halijapoa

Njiro, Arusha
Jumamosi, saa tatu asubuhi

Mama yangu,

Shikamoo. Hiyo nimeipiga kwa sauti hapa barazani mpaka mbwa wa jirani ameitikia. Vipi mikono? Vipi lile goti la kushoto? Ziwa limetulia, au bado linarusha maji mpaka penye vyungu vyako? Mimi ni mzima, nakula, nacheka, meno yote yapo. Kilichonipungua ni kutulia. Tangu asubuhi nimekaa na kuinuka mara nyingi kuliko mtu aliyekula maembe mabichi.

Sekela dada yangu, wewe unayemsomea Mama, soma nilichoandika tu. Mara ya mwisho najua uliongeza yako, maana Mama alinijibu kuhusu mchumba. Mchumba gani? Mimi sina hata godoro la maana.

Mama, barua yako niliipokea kwa yule dereva anayeleta mchele wa Kyela hapa Arusha. Umesema mikono imechoka, na kiangazi hiki unachoma mitungi mikubwa kwa mara ya mwisho. Baada ya hapo utabaki na vibakuli. Umesema unataka niwepo, nipange majani na kuangalia jasho kama nilivyokuwa nafanya zamani. Nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Huu mwaka wa tano, na kila mwaka nakwambia nakuja jiwe likikubali. Sasa sikiliza, jiwe lenyewe liko motoni hivi ninavyoandika. Likitoka zima, nakuja. Likipasuka, sijui nitashuka kwenye gari na uso gani, mbele yako wewe uliyeuza mtungi wa harusi ya bibi ili nipate nauli ya kuja huku.

Ngoja kidogo, naenda kuangalia.

Nimerudi. Bado moto.

Nikueleze vizuri, maana nilikuwa nakuandikia "biashara ya mawe" na pale kwetu watu wakadhani napasua kokoto. Huku, ukishuka upande wa Mererani, wanachimba jiwe la bluu. Ila Mama, mengi hayatoki ardhini yakiwa bluu. Yanatoka rangi ya chai ya rangi, au ya kahawia kama sukari guru. Ukilionyesha kwa mnunuzi hivyo, anakuangalia kama umemletea kipande cha chupa. Sharti lichomwe. Moto ukiingia sawasawa, ule ukahawia unakimbia na bluu inabaki. Mara ya kwanza kuona nilidhani ni mazingaombwe, nikashika mfuko wangu.

Anayechoma hapa ni Mzee Elinami, Mmeru wa Akheri. Alikuwa mtumishi wa serikali kwenye mambo ya madini, wakaja hawa wa kupunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa. Ana nyumba ya ukuta na geti hapa Njiro. Huko nyuma alijenga banda la kuku, si unajua kila mtumishi alikuwa na mradi wa kuku. Kuku wakafa kideri. Sasa banda lina tanuri la matofali ya kuhimili moto, limezungushwa nyaya za umeme, na lina kisaa cha kuonyesha joto. Jiwe linazikwa kwenye kikombe cha udongo chenye mchanga mkavu, na joto linapandishwa kidogo kidogo. Lilianza kupanda jana mchana, asubuhi hii kazima umeme, na sasa lazima lishuke lenyewe. Halafu mzee akavaa koti, akaenda msibani Akheri, akaniacha mimi na tanuri.

"Ambakisye," akaniambia, "mlango usiuguse. Ukitaka kujua kama tayari, weka kiganja ubavuni mwa tanuri. Kikiruka, bado. Kikikaa bila kuruka, ndiyo ufungue."

"Na mnunuzi akija?"

"Mwambie aweke kiganja chake."

Sasa Mama, kuna jambo sikukwambia. Sikumwambia mtu. Mawe yalikuwa mawili.

Yote aliyaleta mwenzangu Lembris. Huyu ni Mwarusha wa upande ule wa magharibi wa Mlima Meru, wafugaji na wakulima, Mlutheri wa kuimba kwaya. Aliuza ng'ombe wawili akaingia shimoni, akakaa miezi, akatoka na mgao wake ambao ni mawe mawili ya kahawia. Moja kubwa kama kidole gumba cha baba mdogo, moja dogo kama punje ya haragwe. Akaniambia, "Wewe una mdomo, mimi nina mawe. Tugawane nusu kwa nusu." Huo ndio ushirika wetu. Hakuna karatasi.

Wakati ule nilikuwa simjui Mzee Elinami. Nilikuwa na chumba cha kupanga Olasiti na jiko la mkaa. Vijana walinifundisha kwamba jiwe unalifunika kwa donge la unga wa ngano, unaliweka kwenye mkaa, donge likiungua jiwe limeiva. Nikakanda ngano kama mama ntilie, nikalifunga lile jiwe kubwa. Lembris alikuwa ameenda kwao kunywesha ng'ombe. Basi donge liko motoni, mara dalali mwenzangu, Festo, anapiga honi nje. Huyu ana pikipiki na haraka zote za mji huu.

"Chalii, mnunuzi anaondoka! Ana ndege! Toa tuone!"

"Bado kidogo."

"Bado nini? Unachoma jiwe au unapika pilau?"

Mama, nililitoa. Nikalivunja donge likiwa linatoa mvuke, nikalitupa jiwe kwenye sakafu ya saruji ili lipoe haraka, na nikalipuliza. Nikasikia *ta!* Halafu *ta, ta*, kama bisi. Likawa vipande, na vilikuwa bluu kweli, vya kuwapa kuku.

Mimi! Mtoto wa mfinyanzi! Nimelelewa kwenye moshi wako, nikijua kabla sijajua kuhesabu kwamba mtungi mbichi hauingizwi motoni. Kwanza unaupanga kuzunguka kamoto kadogo, mdomo umeelekea moto, na kazi yangu ilikuwa kupapasa kila mmoja kutafuta unyevu. "Umetoka jasho?" unaniuliza. "Bado, Mama." "Basi tungoje." Na ukishaiva, hakuna kuuvuta kwenye majivu mpaka wenyewe uamue. Niliyajua yote hayo, halafu nikachukua jiwe la mtu nikalifunga kwenye unga wa maji na kulipuliza kama uji.

Lembris aliporudi nilimwambia jiwe lilikuwa na ufa tangu shimoni. Akatazama vipande, akavifunga kwenye kitambaa, akasema, "Sawa." Sawa tu. Laiti angenipiga fimbo moja ya kimasai tukamaliza.

Naenda kuangalia tena.

Saa saba na nusu

Bado. Kiganja kimeruka chenyewe, sikukituma. Nimezunguka nyumba, nimehesabu maua ya mzee, nimemsalimia mlinzi wa jirani mara nne, mara ya nne ameniuliza kama naumwa.

Nikuandikie alichonieleza Mzee Elinami jana, huenda nikatulia. Nilimuuliza bluu inatoka wapi. Akasema haitoki mahali, ilikuwemo. Jiwe ndani yake limepangwa safu safu, kama wanafunzi paredi. Joto likiingia wanatikisika, na kuna wachache, wale wenye rangi, wanageuka namna ya kusimama. Mwanga ukipita unapita vingine, basi jicho lako linaona bluu. Na hawageuki tena. Ukilipoza limebaki hivyo hivyo milele.

Nikamwambia, mzee, mama yangu anachoma udongo na nao haurudi. Akaweka kikombe cha chai chini. Akasema, "Eeh! Lakini wa mama yako ni mkubwa zaidi. Jiwe hili likichomwa, nyumba ni ileile, umebadilisha taa tu. Udongo, moto unaibomoa nyumba kabisa na kujenga nyingine." Anasema hata udongo uliokauka mwezi mzima juani una maji mengine, yamefungwa ndani kabisa ya chembe zake, hayatoki mpaka moto mkali. Yakishatoka, safu zote zinavunjika na kujipanga upya. Ndiyo maana tofali bichi likinyeshewa linakuwa tope, na mtungi wako unakaa na maji miaka. Akauliza, "Mama yako anajuaje joto limefika? Mimi nina kisaa." Nikamwambia anaangalia rangi ya moto kati ya vyungu, na anasikiliza. Mzee akakitazama kisaa chake. Halafu akasema kama wakubwa wake wa kazini wangekuwa na macho hayo, asingefuga kuku.

Kwa hiyo Mama, ukikutana na mwalimu wa sayansi mwambie akuamkie.

Saa tisa na nusu

Festo alikuja. Safari hii na gari, na nyuma amekaa mnunuzi wa kigeni mwenye miwani. Geti likapigwa.

"Ambakisye! Fungua, bosi anataka kuona lile dogo. Anaondoka leo."

"Halijapoa."

"Wewe! Mwaka jana si ulitoa?"

"Nilitoa. Uliona kilichotokea."

"Lile lilikuwa na ufa, si ulisema mwenyewe?"

Na nani alikuwa amesimama nyuma ya gari, amefika kimya na shuka lake na redio mkononi? Lembris. Alikuwa anakuja kuniangalia. Festo ananitazama, mnunuzi anatazama saa, Lembris hatazami kitu.

Mama, nilihisi jasho likinitoka lote, lile la ndani ya chembe. Nikasema, "Halikuwa na ufa. Nililitoa moto nikalipuliza. Nilidanganya."

Festo akacheka, akasema leo tumepata mlokole. Nikamwambia aende, jiwe halifunguliwi. Akaniita mshamba wa ziwani, nikamwambia asante, ndiyo kwetu. Gari likaondoka na mnunuzi ndani.

Tukabaki wawili. Lembris akakaa kwenye ngazi.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Siku ileile. Donge lilikuwa bichi katikati. Mimi siyo ng'ombe, Ambakisye, mimi ndiye ninayewachunga."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja upoe."

Halafu akawasha redio, ile yangu niliyomwazima. Nimeandika haya yeye akiwa pembeni anatafuta stesheni.

Saa kumi na moja

Nimeweka kiganja. Kikakaa. Nikamwambia Lembris naye aweke, akaweka, kikakaa. Tukafungua. Nikamwaga mchanga kwenye sinia pole pole, kama unavyopepeta mchele wa mgeni.

Mama, liko zima. Ni bluu. Ukiligeuza kidogo lina zambarau, ukiligeuza tena ni kama ziwa pale chini ya milima, kule kwenye kina ambako baba mdogo hakubali kutupa nyavu. Ni dogo, punje ya haragwe, halijengi ghorofa. Lakini zima! Lembris ameimba ubeti mzima wa kwaya.

Nikaanza papo hapo kuongea, unanijua. Jumatatu tutalipeleka kwa yule mwingine wa mjini, akitoa bei nzuri tunanunua mengine mawili ya kahawia, tunamletea Mzee Elinami, halafu...

"Na yeyo wako?" Lembris akaniuliza. Yeyo ndiyo mama kwa lugha yao.

"Nakwenda, nakwenda. Tukishauza haya mawili."

"Eeh. Halafu manne." Akalifunga jiwe kwenye kitambaa kilekile chenye vipande vya lile la kwanza. Kumbe alivitunza. Akakiweka kifuani mwake. "Jiwe nitauza mimi. Mdomo wako unauchukua unaupeleka kwenu. Tiketi kata leo."

"Kwa hela gani, nawe ndiyo umelikalia jiwe?"

Akaninyooshea redio.

Basi Mama, sasa ni usiku, na redio imeuzwa. Aliyeinunua ni mlinzi wa jirani, yule niliyemsalimia mara nne. Tiketi ya basi ninayo, naondoka Alhamisi ijayo, napitia Dar es Salaam na Mbeya, na dereva wa mchele anaondoka na barua hii kesho ili itangulie. Sina zawadi. Lembris anasema sehemu yangu itanifuata kwa dereva huyohuyo, na mimi sina wasiwasi naye hata kidogo. Wasiwasi wangu ulikuwa mwingine, na leo umetoka.

Nisalimie baba mdogo mwenye mtumbwi, mwambie kidole gumba chake kimetajwa Arusha. Nisalimie shangazi anayechimba udongo nawe, na mjomba mzee wa kanisa, asiniombee mvua kabla hatujachoma. Sekela, wewe nakusalimia kwa masharti, acha habari za wachumba.

Na Mama, mitungi mikubwa ipange juani, lakini moto usiwashe. Hata ule mdogo usiwashe. Nataka kupapasa mmoja mmoja mwenyewe, wewe ukae kwenye kigoda uniulize kama umetoka jasho.

Ningoje.

Mimi mwanao uliyemchoma pole pole,
Ambakisye