Batu ba Mukate Mumoja

Jumanne, Dilala, Kolwezi. Mvua haijanyesha, mawingu yamekaa tu juu ya mabati. Roho yangu nayo iko hivyo.

Jambo Ngalula mwanangu. Jambo mama yako Kapinga, jambo tata yako na magoti yake, jambo badogo yako bote, jambo na ule mutoto mupya sijamuona bado. Huku tuko. Bwana yangu anakohoa. Binti yangu Nyota ana mitihani, na ndiye ananiandikia hii barua mu blogi yake, maana mi niliacha masomo darasa la tatu.

Barua yako nilipata. Umepewa kazi ya ualimu hapa Kolwezi, unaomba kulala kwetu. Siku tano sijajibu.

Leo Nyota alikuwa anasoma kwa sauti. "Mama, unajua ile neno ya Kifaransa compagnon, mwenzako, inatoka wapi? Kilatini: mutu unayekula naye mukate. Baitalia banasema compagno, Bahispania compañero. Kule Ujerumani, batu ba mugodi banaitana Kumpel, mzizi ni ule ule. Hata compagnie, kampuni!"

"Acha kelele. Compagnie gani ililisha mutu mukate?"

"Si ulisema yetu ilikuwa inagawa unga?"

Akacheka. Mi nikakaa chini.

Ngalula, ulikuwa mudogo sana. Compagnie ya mugodi ilikuwa inaanguka, na batu banasema Bakasai, batu ba Kasai kama nyinyi, barudi kwao. Tata yako na bwana yangu balikuwa banafanya kazi mu shimo moja, banakula bukari, ugali wetu, mu sahani moja. Asubuhi mulipofukuzwa, mama yako alisimama pa mulango wangu, wewe mugongoni. "Mama, nipe bukari kidogo ya batoto. Hatujui treni itafika lini." Bijana balikuwa barabarani, banaangalia nani anabapa chakula.

Nikasema unga umeisha.

Sufuria ilikuwa kwa moto. Harufu ilikuwa inamufikia pale aliposimama. Akaniangalia, akasema, "Asante, mama," akaenda.

Siogopi kwamba alikuambia. Naogopa kwamba hakukuambia, na wewe unaniita mama bure.

Na sasa maneno yale ya "barudi kwao" yanasikika tena sokoni. Jirani ameniuliza mugeni wangu ni kabila gani. Nikamujibu, "Ni mwanangu."

Kitanda kipo. Lakini sitaki ukilalie bila kujua. Muulize mama yako kama ninadanganya.

Ukisha kusoma, kama bado unataka kuja, niandikie upesi, hata neno moja, nijue basi linafika siku gani. Nitakuja kukuchukua mi mwenyewe, mchana, tupite sokoni, batu bote batuone.