Siku Niliyomtafsiria Baba

Jumatano. Manyunyu tangu alfajiri, na mlima haujaonekana, leo siku ya tatu. Kichwa ni chepesi. Basi nianze na lile nililolificha, kabla kikohozi hakijanikumbuka.

Mjerumani hakunizuia kurudi nyumbani.

Wanangu wote wamekua wakisikia kwamba alinizuia. Nimelisema tukila, nimelisema kanisani mbele ya wazazi wenzangu, nimewaambia hata vijana wa chuo waliokuja na kinasa sauti kuniuliza habari za zamani. Walinishukuru, wakaandika. Wajerumani walikuwa na madhambi yao ya kutosha katika nchi hii. Hawakuwa na haja ya kuongezewa la kwangu.

Kilichonisukuma leo ni barua. Imetoka kwa Zefania, mwanangu wa kiume wa pekee, aliyeko Dar es Salaam. Nilimwita aje nimwone, kwa maana daktari ameacha kunipangia siku ya kurudi kwake, na mimi si mtoto, nimeelewa. Ruthi, dada yake, ndiye anayenitunza, na ndiye aliyenisomea. Zefania anasema anatamani sana kuja, ila mkuu wake wa kazi amemkatalia ruhusa. Amelirudia mara tatu katika ukurasa mmoja.

Nimefundisha watoto karibu miaka arobaini. Anayesema kweli husema mara moja.

Wala sikukasirika. Namjua mwanangu. Mama yake alipokuwa akiumwa ule ugonjwa wa mwisho alikuja, akakaa siku mbili, na zote mbili alizimaliza nje akikagua migomba, shina kwa shina, kama bwana shamba. Hakuweza kuingia chumbani. Si kwamba hakumpenda. Alimpenda mno, na uso wa mgonjwa ulimtisha.

Ruthi aliikunja barua ile kama anayeinyonga. Akauliza huyo mkuu wa kazi alizaliwa na nani, kama hajui mtu akiitwa na baba yake maana yake nini. Kisha akaniletea uji, akanikuta na daftari.

"Baba, uji huo si wa kutazama."

"Naandika."

"Nani atasoma mwandiko huo wa kuku?"

"Kuku huyo ndiye aliyekusomesha."

Alicheka, akarudi jikoni. Nilifurahi kumsikia akicheka. Wiki hii hajacheka.

Sasa niseme.

Nilizaliwa kwenye miteremko hii ya Meru, miaka ile boma la Wajerumani pale Arusha lilikuwa bado jipya. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, mangi, mtawala wetu, alitaka kila ukoo utoe mtoto wa kwenda shule ya misheni. Baba alikuwa na wana wawili. Kaka yangu Sangito alikuwa mkubwa, wa kushika ng'ombe na wa kusimama na baba kwenye zamu ya maji ya mfereji. Nikatolewa mimi. Mama aliilainisha ngozi ya mbuzi kwa mafuta siku nyingi, akaishonea pindo la nyuzi za mgomba, ili nisilale chini huko kwa watu.

Shule ilikuwa makorongo mawili kutoka kwetu, kwa hiyo tulilala hukohuko. Kila asubuhi tulianika ngozi zetu kwenye uzio, mbele ya nyumba ya mmisionari, viroboto wafe kwa jua. Yeye tulimwita Bwana Ndevu, kisogoni lakini. Alikuwa mgeni, hajui Kimeru hata cha kuombea maji. Kiswahili alijifunza pwani kwa miezi michache, akakisema polepole, kila neno peke yake, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Mwisho wa kiangazi Sangito alishuka na ng'ombe upande wa Momela kutafuta majani. Alirudi na homa ya kifua. Hakumaliza wiki. Walimzika kabla sijapata habari, na siku ya nne baba akaja shuleni.

Mwalimu wetu, aliyekuwa akitafsiri siku zote, alikuwa amekwenda Moshi. Nikaitwa mimi, kwa sababu nilikuwa wa kwanza darasani. Nikasimama kati yao. Bwana Ndevu alikuwa barazani, baba amesimama chini, kando ya uzio, fimbo mkononi, kichwa kimenyolewa kwa msiba.

Baba alisema kwa Kimeru, akinitazama mimi:

"Mwambie kaka yako amekufa. Mwambie mama yako hali chakula. Akipika, anapakua fungu la Sangito, anaketi mbele yake mpaka linapoa. Mimi simwezi peke yangu. Nataka mtoto wangu alale nyumbani, hata kama ni mpaka mavuno."

Hilo nililitafsiri vizuri. Nililitafsiri nikilia, na sikuacha neno.

Bwana Ndevu alivua kofia. Kisha akasema, jiwe kwa jiwe: "Mwambie, pole sana. Mtoto ni wako. Mchukue leo. Ukitaka, utamleta tena."

Nikamgeukia baba, nikamwambia kwa Kimeru: "Amekataa. Anasema serikali hairuhusu."

Na kwa Bwana Ndevu nikasema: "Baba amebadili shauri. Anataka nibaki nisome."

Nimejiuliza kwa nini maisha yangu yote, na jibu ni dogo la kutia aibu. Nje ya darasa kulikuwa na kipande cha chuma kilichoning'inizwa mtini. Kila wiki mtoto mmoja alipewa kukigonga, asubuhi na jioni, na sauti yake ilifika ng'ambo ya korongo. Jumatatu iliyokuwa inakuja ilikuwa zamu yangu. Niliingoja tangu nilipofika.

Hilo ni jibu moja. Jingine ni kwamba nilimwogopa mama yangu. Niliona macho yake mbele ya lile fungu linalopoa. Niliona ataniangalia na kumtafuta Sangito.

Bwana Ndevu alishuka barazani, akamshika baba mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwambia ana moyo mkubwa. Baba aliuacha mkono wake ushikwe. Kisha akaniwekea kiganja kichwani, akanitemea mate kidogo kifuani, kama wazee wetu wanavyobariki.

"Basi kaa," akasema. "Usome."

Akaenda. Jumatatu niligonga kile chuma hadi mkono ukafa ganzi.

Mama hakufa. Nashukuru kuliandika hilo. Majirani wanawake walishika zamu kumlisha loshoro, mahindi yetu ya maziwa mgando, kwa mkono, kama mtoto, na mahindi yalipokomaa alianza kula mwenyewe. Lakini tangu hapo, kila alipokutana na Mzungu njiani, alitema mate chini, na si ya baraka. "Walininyima mwanangu," alisema. Nilimsikia akisema hivyo mpaka nina mvi. Nikanyamaza.

Baba hakuomba tena. Alikuja kila wiki na kibuyu cha maziwa, akakitundika uzioni, kisha akaketi nje ya ukuta wa darasa akisikiliza tunavyosoma. Tulisoma Kiswahili. Nilijiambia anasikiliza kelele tu, kama mtu anavyosikiliza mvua.

Alifariki Waingereza walipokwisha kushika nchi, nami ni mwalimu tayari. Siku ya mazishi alikuja mzee mmoja kutoka Olasiti. Alisema alikuwa mpagazi pamoja na baba kabla sijazaliwa, Wajerumani walipowakamata kubeba mizigo mpaka pwani. Akanishika bega.

"Baba yako ndiye alikuwa mdomo wetu," akasema. "Sisi wengine tulikuwa mabubu. Yeye Kiswahili kilimwingia njiani, akawa anatuombea maji, anatuombea kupumzika."

Nikamwambia baba hakuwahi kusema Kiswahili nyumbani, hata neno moja. Mzee akasema hashangai. Nani angependa kuwasemesha wanawe kwa lugha aliyobebeshewa mizigo?

Usiku wa siku hiyo nilimwambia mke wangu yote, au karibu yote. Nilimwambia nilidanganya, na kwamba leo nimegundua baba alisikia kila neno la Bwana Ndevu, akanyamaza kwa ajili yangu. Alinifuta machozi. Akasema, wewe ulikuwa mtoto, hukujua kwamba anajua. Kwa maneno hayo niliishi naye miaka mingi ya amani, na ndiyo maneno niliyomwacha aende nayo kaburini.

Mvua imekatika. Upande wa Kisongo kunaanza kung'aa, lakini mlima bado.

Mchana nilimwambia Ruthi amwandikie kaka yake majibu. Nikamtajia: Baba amekuelewa. Kaa, fanya kazi. Ruthi aliacha kalamu hewani.

"Baba, kwani unamwamini?"

"Andika tu, mama."

Aliandika, akaiacha mezani haijafungwa, na uso wake ukasema aliyoyazuia mdomoni. Nimeitazama karatasi ile tangu hapo. Kaa. Ni neno lilelile nililopewa mimi. Baba alinipa kama zawadi, naamini hivyo kwa moyo wangu wote, nami nikalibeba mbali kuliko yeye alivyobeba mizigo ya Wajerumani. Angenizaba kofi pale uzioni, angenipeleka nyumbani kwa mama nikilia, ningelisahau kabla ya mvua za vuli.

Au pengine sivyo. Pengine nisingekuwa mwalimu, na Zefania asingekuwa na kazi ya kusingizia. Sijui baba alikosea au alipatia. Nimezeeka kumzidi yeye na bado sijui.

Ninalolijua ni kwamba sitaki mwanangu afike umri huu akihesabu kwamba nilidanganyika. Nitamwambia Ruthi achane kurasa hizi azifunge pamoja na barua. Zefania, hakuna mkuu wa kazi. Najua. Sikuoni mbaya. Ukija, huna haja ya kuingia chumbani siku ya kwanza. Migomba ipo, ikague. Usipokuja, mkono wangu uko kichwani pako hukohuko.

Lakini siwezi kukutaka ukweli na mimi nimebaki na nusu ya wangu. Ile niliyomnyima mama yako ni hii.

Bwana Ndevu aliposema "mchukue leo," mimi nilikuwa sijafungua mdomo. Baba alikuwa ameshaugeukia uzio. Aliijua ngozi yangu kwa pindo la mama, akaishusha, akaanza kuikunja. Nilimwona, nikajua ameelewa. Nilimtazama mpaka mkunjo wa pili, ndipo nikamwambia amekataa.

Alisimama nayo kifuani. Kisha akaikunjua, akairudisha uzioni, akainyoosha vizuri ili ipate jua.