Rangi Iliyofika Mlangoni Kwangu

Ruring'u,
Nyeri.
14 Julai 2025

Mpendwa Tata Warigia, shangazi yangu,

Tangu Januari nimebaki na sauti moja masikioni: kitu kikigusa mlango wa chumba changu, taratibu, mara moja, kisha kimya. Jioni ile nilidhani ni paka.

U hali gani huko Leeds? Goti limepoa? Sisi tu wazima, ila baridi imetubana. Mama anavaa sweta mbili na bado anakohoa.

Baridi hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye gari la Baba. Kiyoyozi kisipofanya kazi, kioo cha mbele hujaa ukungu, na Mama lazima afikishwe hospitali Othaya kila wiki. Gesi yote ilikuwa imevuja. Siku mbili kabla moyo wake haujasimama, Baba alitia kwenye mabomba rangi ya kuonyesha mahali panapovuja. Hakuvaa glavu, unamjua kaka yako. Rangi hiyo ikikauka huioni, mpaka uimulike kwa tochi ya zambarau. Hapo hung'aa kijani.

Jumamosi ya tarehe tano, mchana, mimi na kaka yangu Kim tulifunika gari kwa turubai ili tupate giza.

"Ati gari inatibiwa na disko!" Kim akacheka. "Sophie, digirii yote ni ya hii?"

"Shikilia boneti, wacha mdomo."

Tulipaona: kiungo kimoja karibu na kompresa, mpira wake umepasuka. Nilipogeuza tochi, Kim alirudi nyuma. Kwenye kishikio cha mlango wa dereva palikuwa na vidole vinne vya kijani.

Vingine vilikuwa kwenye komeo la jikoni. Vingine kwenye swichi ya ukumbini. Nilivifuata peke yangu. Kim alikataa kuingia. Ukumbi wetu hauna dirisha, wakumbuka. Mwisho wake, kwenye mlango wangu, kulikuwa na kiganja kizima, juu, kama cha mtu aliyeegemea akisikiliza. Niliweka changu juu yake. Mbao ilikuwa baridi, na Tata, sikuthubutu kuingia chumbani mwangu.

Unajua mimi na Baba hatukuwa tukisemezana. Alikataa kuwapokea wazee wa Ayub walipotaka kuja kuniposa, kwa sababu ni Waislamu, nami nikajifungia siku tisa. Siku ya mazishi ulisema kwenye simu kwamba neno la marehemu halivunjwi. Nimelibeba miezi sita.

Kiganja hakiniambii alichotaka kusema. Huenda alikuja kunigombeza tena. Lakini alikuja, akasimama, hakubisha. Nami nilimsikia, sikuinuka.

Mama anakusalimu sana, Kim pia. Mbusu mwanao Lynn kwa niaba yangu. Mungu akufunike huko ugenini, akurudishe kwetu ukiwa na nguvu.

Najua utakasirika, kwa hiyo nataka ulisikie kwangu kwanza. Alhamisi nilikwenda mjini kwa Mwanabibi, mamake Ayub, nikamwambia waje. Wazee wao walikuja jana. Mama aliwapokea, na mbele yao nimekubali.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye hata ukininunia,
Sophie