Kamba ya Chumbani kwa Mama

Kaka mpendwa,

Sisi tu wazima, na paa limeacha kuvuja. Ile kamba uliyomfungia mama kutoka kitandani hadi jikoni, aitikise akinihitaji, bado ipo. Ulitufundisha kwamba kasi ya wimbi haitokani na nguvu za mkono: kamba ikikazwa linawahi, ikilegea linachelewa.

Siku ile alinichosha kwa kuniita, nikailegeza. Nilipokwenda, alikuwa ameshakata roho. Msibani sikukwambia hilo.

Nimeikaza tena. Jana nikipika ikatikisika, nami nikaitikisa kumjibu. Mawimbi yetu yakakutana ukumbini, yakawa nundu moja kubwa, yakapishana, lake likanifikia mkononi.

"Nakuja, mama," nikasema.

Kitanda kilikuwa kitupu. Njoo uifungue wewe, kaka. Mimi nimeshindwa, maana nataka aniite tena.

Mdogo wako