Msumari wa Nne

Jumatatu, 3 Machi
Nimefagia, nimechemsha chai, nimepangusa picha za ukutani. Nairobi: Mama Atieno na meza moja, chumba juu ya fundi cherehani. Ndiko alikoanzisha kampuni hii ya kuchora majengo. Kampala. Kigali. Kisha msumari mtupu. Huo ni wetu, Juba. Musoke, mkubwa wetu hapa mtaa wa Buluk, anasema tutapigwa picha kazi ya kwanza ikikubaliwa. Wodi ya kujifungulia, mtaa wa New Site. Mwanangu Keji amelala chini ya meza ya kuchorea. Meno mawili sasa. Hakuna ofisi nyingine itakayonikubali na mtoto. Nilizunguka zote.

Jumatano, 5 Machi
Kina mama wa New Site walikuja kuona mchoro. Bila wao kukubali hakuna kujenga. Musoke aliwaonyesha chumba cha wageni, viti, feni. Wakasema kwes, kwes, yaani vizuri. Wakanywa chai, wakaenda. Musoke alifurahi sana. Mimi hapana. Walikuwa wanaangalia sakafu. Kwes ya kuangalia sakafu si kukubali, ni adabu tu. Yeye Mganda, Juba ana miezi minane. Nikakusanya vikombe. Mimi ni wa chai.

Ijumaa, 7 Machi
Leo ndiyo siku ya kuweka sahihi. Kina mama hawakuja. Simu hawashiki. Musoke hajala. Mama Atieno anafika Jumatatu. Kazi ikikataliwa, ofisi inafungwa. Mume wangu Lado anabeba mizigo uwanja wa ndege, wiki hii ameitwa siku mbili tu. Naogopa.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani nilikaa kando ya mmoja wa wale kina mama. Nikamuuliza. Akacheka mpaka watu wakageuka.
"Binti yangu, mimi nitampikia mkamwana wangu uji wapi? Juu ya feni?"
Nikasema, mbona hamkumwambia Musoke?
"Tungemwambiaje, na chai yake ya maziwa tumeshakunywa?"
Chai yangu mimi.
Nilipomzaa Keji, mama alipika nje chini ya rakuba, miti minne na nyasi juu. Moshi ulinifikia kitandani. Nikajua siko peke yangu. Kwenye mchoro hakuna rakuba. Nimeukumbuka wote, kona kwa kona. Hakuna.

Jumatatu, 10 Machi
Mama Atieno amekuja. Mzee, viatu vya raba, maneno machache. Nilimwekea chai, nikasema kwenye mchoro hakuna rakuba ya kupikia. Musoke akacheka, akasema, "Mama Keji, na wewe umekuwa injinia?" Musoke mwenyewe hapendi kuitwa injinia, anasema yeye ni msanifu majengo.
Mama Atieno akanipa penseli. Nikachora miti minne, mafiga matatu. Imepinda vibaya. Aliivuta karibu. Akasema Kampala walichora soko, wakasahau mahali pa kutua mizigo ya kichwani. Muuza ndizi mmoja aliwagombeza. Kigali pia waligombezwa, kwa sababu ya ngazi.
"Kuna mji mmoja watu walikuwa na adabu sana," akasema. "Huko tulifunga ofisi."
Musoke hakucheka tena. Aliomba penseli.

Alhamisi, 13 Machi
Nilienda mwenyewe New Site kuwaita. Wamekuja. Rakuba upande huu? Hapana, moshi utaingia kwa watoto. Upande ule? Mbali na maji. Moja? Wanataka mbili. Mama wa kanisani alimuuliza Musoke kama amewahi kupuliza moto maisha yake yote. Akajibu, "Mama, sijawahi." Wakagombana mpaka saa saba mchana, chai ikapoa. Hakuna aliyesema kwes hata mara moja. Mimi nilikuwa nasikiliza nikiwa nimeshika kopo, moyo unatulia.
Wameweka sahihi. Wote.

Jumatano, 19 Machi
Mvua kidogo asubuhi. Nimefagia, nimechemsha chai. Picha zimekuwa nne. Kwenye yetu Keji aligeuza kichwa, uso hauonekani vizuri. Lado anasema wapige nyingine. Nimekataa. Nimeipangusa, nimeinyoosha kidogo. Keji amelala sasa, amekumbatia karatasi ya mchoro ule wa zamani, usio na rakuba.