Bintu Inatoka mu Musée ya Papa Anaclet

Commune Kenia, Elisabethville
tarehe 27, mwezi wa nane 1961

Mpendwa Mama mukubwa Nkandu,

Jambo sana kule Kasenga. Uko na nguvu? Miguu ingali inakuuma, ao baridi ya mto imekuachilia kidogo? Siye tunapumua, Mungu asifiwe. Kazadi wetu, mwenye anabeba jina la baba-mukwe wangu, ameota meno mbili na anauma kila kitu, hata bega la baba yake. Désiré, bwana yangu, anakusalimia.

Mama, unakumbuka ile musée, ile nyumba ya bintu ya zamani ya baba-mukwe wangu, Papa Anaclet Kazadi. Wakati ulikuya ku ndoa ulicheka, ukauliza juu ya nini muntu wa reli, wa chemin de fer, analala mu chumba ya nyuma, na salon ya mbele anaachia nyungu na mikuki. Tangu alitoka Kasai kijana, kila gare ya treni alifika aliomba kitu pamoja na habari yake. Babemba, Balunda, Basanga, bote balimupa. Kila Siku ya Mungu kisha misa bantu balikuwa banajaa, na sheria ilikuwa moja: mwenye kitu njo yeye anasema habari ya kitu, Papa yeye ananyamaza.

Sasa habari haiko muzuri: mu Katanga banasema bantu ya Kasai batoke, barudi kwabo. Mwezi uliopita Mama Virginie, jirani, alikuya kukamata nyungu ya nkambo yake, mama ya mama yake. Alisema anataka kupikia bukari. Ile nyungu iko na ufa, haishike maji, na Papa alijua. Akaifunga mu kitambaa, akamupa. Kisha bengine bakakuya. Hakuna mwenye alitukana. Banapiga hodi, banauliza hali ya mutoto, banakamata, banaenda. Siku ya Mungu hakuna tena mwenye kuya.

Désiré alimuambia baba yake akatae. Papa akajibu kama kitu ya muntu haikatazwe, na akirudisha muzuri, urafiki utabakia. Mama, miye naona alikosa. Sasa mu salon kunabakia bintu ya Kasai tu, ya Papa mwenyewe. Zamani ilikuwa nyumba ya kila muntu. Leo mwenye kupita anachungulia mu dirisha, anajua ni ya nani. Kuna vijana banasimama pale, banaangalia. Ku barabara ya nyuma nyumba imewaka, na bantu ya Kasai banakimbilia kwa askari ya ONU, ile Umoja wa Mataifa, na magodoro ku kichwa.

Juzi Papa Kasonde alikuya kukamata mukuki wa baba yake. Huyu alikuwa anakunywa munkoyo na Papa, wakichekana kama batoto. Safari hii hakukaa. Papa akamuuliza, kwa utani, nyama gani ya kuwinda iko mu mitaa yetu ya Kenia. Kasonde hakucheka. Alijaribu ncha na kidole, akaniangalia miye, akasema pole pole mu Kibemba: «Mwana wangu, weye uko wetu. Usikawie hapa.»

Barua yako ilinikuta mu ile woga. Unasema kwetu mutoto ni wa mama, nimulete. Unajua Papa alivyokuwa anatuchokoza: kwao mutoto ni wa baba, basi siye bantu ya Luapula ni bezi ya batoto. Nikamusomea Papa ile barua. Kisha akamutoa Kazadi ku magoti yake, akanipa, kwa mikono mibili.

«Huyu pia iko na benyewe,» akasema. «Ni wenu. Mukiulizwa mu njia, jina langu musilitaje.»

Basi siku ya ine nitapanda camion ya bachuuzi ya samaki. Désiré anabakia kumubembeleza baba yake batoke. Ameniahidi batanifuata, na miye nasadiki.

Utungojee ku camion, Mama. Mutoto ataitwa Chileshe, kama mujomba. Nimeanza kumuzoeza tangu asubui. Namuita Chileshe, Chileshe, hageuke. Papa akisema Kazadi kule mu salon, hata kwa sauti ndogo, anageuza kichwa na kucheka.

Salimia Mujomba Chileshe, Albertine na Mama Constance. Mungu aweke mukono wake juu ya nyumba yenu, na juu ya njia yetu.

Ni miye mutoto wako, mwenye kukupenda siku zote,

Delphine