Gauni la Komunyo la Clodagh

Malachy, nimetoka kwenye mkutano wa wazazi shuleni sasa hivi. Niko ndani ya gari na hata injini sijawasha.

Unajua msimamo wangu. Tangu Septemba nilimtoa Clodagh kwenye vipindi vya dini na sala, na Komunyo ya Kwanza nikasema hapana. Leo nikasimama mbele ya wote nikasema shule ifundishe kusoma na hesabu, sala zibaki kanisani. Nikasema mwanangu hasali na wenzake na hajapungukiwa kitu.

Watu ukumbini wanaangalia viatu vyao.

Akasimama Dervla. Mke wangu mwenyewe, Malachy. "Kaa chini, Fergal. Mtoto amerudi kwenye darasa la dini tangu Krismasi. Mimi ndiye niliyemrudisha."

Tangu Krismasi. Ukumbi mzima ulijua. Gauni jeupe limeshanunuliwa, limefichwa kwa mama yangu. Mama yangu!

Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema, "Alikuwa anakaa kantini peke yake, anawasikiliza wenzake wakiimba. Wewe ulimtoa tu. Hukwenda kukaa naye."

Mzee mmoja nyuma akasema, "Hapo umepatikana, bwana." Wakacheka. Mimi sikuona hasira wala aibu. Nilikuwa kama gogo.

Clodagh amenipigia kwa simu ya bibi yake. "Baba, siku yangu utaingia kanisani au utanisubiri nje?"

Nikasema nitaingia.

Sala zenyewe bado siziamini. Ila niazime suti yako, yangu hainitoshi tena.